Kikapu cha Mkono wa Kulia

Roza alikula kwa mkono wa kulia kama watu wenye adabu, alisalimia kwa mkono wa kulia, na kanisani alifanya ishara ya msalaba kwa huo huo wa kulia. Mama yake mzazi alihakikisha hilo kwa fimbo. Lakini akishika ukindu wa kusukia vikapu, wa kulia ulikaa kando ukashikilia tu, na wa kushoto ndio uliofanya kazi. Hapo fimbo ilishindwa. Ndiyo maana vikapu vyake vilizunguka kinyume. Vya wanawake wengine hufuata mshale wa saa tangu kitakoni mpaka mdomoni. Vyake vilikwenda upande ule mwingine, kama mtu anayerudi nyumbani wakati wenzake wanakwenda sokoni.

Aliyemfundisha kusuka ni mama mkwe wake, Mjita aliyeolewa na Wajaluo wa kule Mara akaenda na ufundi wa kwao. Kikongwe yule alimtazama mke wa mwanawe siku tatu bila kusema, akaguna, kisha akatoa hukumu: mkono ni mbaya lakini kazi ni safi, basi mwacheni. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Pale nyumbani ungeweza kuchanganya vikapu mia, na yule bibi angepitisha kidole kwenye mzunguko na kukutolea cha Roza hata kama macho yamefumbwa.

Mwaka wa sabini na nne mkono huo wa kushoto ulikuwa Mwanza, mbali na kwao, ukisuka vikapu vya maonyesho.

Kambi ya Kifua, kama watu walivyoiita, ilikuwa mabanda manne juu ya majabali, ng'ambo ya Mkuyuni, upande mmoja ziwa na pande tatu seng'enge. Roza aliletwa pale Novemba akitema damu. Alichomwa sindano sitini, na Ng'washi, mama wa Kisukuma wa kitanda cha jirani aliyekwisha kuchomwa zake, alimwambia asihuzunike, kwani wakitoka pale wataweza kuchekechea unga kwa makalio. Baada ya sindano vikafuata vidonge, na pamoja na vidonge, kazi. Ukutani walikuwa wameandika kwa rangi nyekundu: KAZI NI DAWA. Aliyeandika hakuwahi kuumwa kifua, lakini tusiseme sana, maana kazi kweli iliwasaidia. Mtu aliyelala miezi mitatu akihesabu mabati, ukimpa kitu cha kushika anakumbuka kwamba bado yumo duniani.

Kazi ilitolewa kwa kipimo kama dawa yenyewe. Daraja la kwanza, nusu saa kitandani kusokota kamba. La pili, saa moja kwenye kiti. Hivyo hivyo mpaka la sita, ambapo mgonjwa alikaa karakana saa sita kwa siku bila homa jioni. Aliyefika la sita, na makohozi yake yakapimwa mara tatu yakaonekana safi, alistahili ruhusa. Kila mgonjwa alikuwa na kadi iliyotundikwa miguuni pa kitanda, na mwalimu wa kazi za mikono aliijaza kila Ijumaa: saa ngapi, kitu gani, kazi ya namna gani. Mwalimu huyo aliitwa Specioza, Mhaya wa Bukoba, msomi, msafi, mwenye saa mkononi na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa mdogo kwa Roza kwa miaka kama kumi, na alimwita Mama Obiero, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Ilipofika Juni, Roza alikuwa daraja la sita na makohozi yalikuwa safi mara tatu. Specioza akamwomba asubiri Saba Saba, maana kambi ilipewa meza kwenye maonyesho. Roza akakubali. Mwezi mmoja si kitu, na kwa kweli alijisikia fahari. Vikapu vyake vilishika nafasi ya kwanza. Bwana mmoja wa mkoani alivishika, akavigeuza, akasema karakana hii kumbe ina maana, na kwamba vikapu vya namna hii vioneshwe tena siku ya Uhuru, na huyo mama awafundishe wenzake. Specioza alirudi kambini akicheka peke yake. Kabla ya hapo kulikuwa na minong'ono kwamba karakana ingefungwa na chumba chake kigeuzwe stoo.

Juma hilo hilo ikafika barua kutoka nyumbani. Mume wake, Okumu, alikuwa amemtuma Obiero aiandike, na mwandiko wa kijana ulikuwa mkubwa na wa haraka. Operesheni Vijiji imefika. Watu wote wa ufukweni wanahamia kijiji kipya kando ya barabara, viwanja vimeshapimwa kwa kamba, na mwisho ni tarehe thelathini na moja Agosti. Atakayebaki nyuma, nyumba yake itaezuliwa paa akiwa ndani. Barua iliishia kwa maneno ambayo Roza aliyasoma mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo: njoo kabla ya siku hiyo, maana hatuwezi kuingia bila wewe.

Hapa inabidi tueleze. Kwa Wajaluo, mtu hahamii boma jipya kama anayehamisha gunia. Siku ya kuingia, baba hutangulia na jogoo na shoka, mwana wa kwanza nyuma yake, na mke mkubwa hubeba moto. Nyumba ya mke mkubwa ndiyo hujengwa kwanza, ikitazama lango, na yeye ndiye hulala humo usiku wa kwanza na mumewe. Akitangulia mdogo, ngazi imegeuka, na ngazi hiyo haigeuzwi tena. Mkubwa akija baadaye atajengewa kando, kwa wadogo, na wanawe watahesabiwa nyuma ya watoto wa mdogo wake. Roza alikuwa mke mkubwa kwa miaka kumi na saba. Mke mwenzake, Akelo, alikuwa na miaka minne tu pale nyumbani. Hawakuwa na ugomvi. Akelo alikuwa msichana mwenye heshima, kosa lake kubwa ni kusonga ugali laini mno. Lakini ukubwa ni ukubwa, na Roza hakuwa na kitu kingine duniani alichoweza kukiita chake.

Alimpelekea Specioza barua ile, akamweleza yote, moto, jogoo, usiku wa kwanza. Specioza alisikiliza kwa adabu. Lakini yeye alitoka mahali ambapo mgomba wa babu bado unazaa palepale babu alipouchimbia, na nyumba kwake ilikuwa kitu kinachokungoja.

"Nakuomba miezi mitano tu, Mama Obiero," alisema. "Mume wako hatakukimbia. Hapa unakula, unapata dawa. Kule wanahama, kuna vumbi, kuna kubeba mbao. Utarudishwa hapa kwa machela."

Na baya zaidi ni kwamba aliamini alichokisema. Roza angejua namna ya kugombana na mtu mwovu. Kwa huyu, aliyemtakia mema huku amekalia ufunguo, alibaki ameshika barua yake. Ruhusa ilitolewa na daktari, na daktari alifika Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, akasaini aliyoandaliwa na mwalimu. Ya Julai ilikuwa imekwisha kupita kabla ya Saba Saba; alisaini karatasi za watu wanne, na ya Roza haikuwemo.

Kutoroka? Alilifikiria. Lakini Shimba, wa banda la wanaume, alitoroka Mei, akakamatwa na mgambo pale Kamanga akishuka kwenye kivuko, akarudishwa na kuanzishiwa sindano ya kwanza kama mgeni. Tena barua ya Obiero ilisema kijiji kipya hakimpokei mtu aliyeondoka na kifua mpaka aoneshe cheti. Angefika, akasimama mpakani na mzigo kichwani, akatazama moto ukipita.

Ng'washi ndiye aliyetoa neno, bila kujua anatoa nini. Walikuwa wakianika nguo kwenye majabali.

"Kwetu ng'ombe anayekamuliwa vizuri hauzwi," alisema. "Chanda chema huvikwa pete, mama, lakini chako wamekivika pingu."

Roza alilala na maneno hayo, na asubuhi alikuwa ameamua. Kama mkono wake ndio unaomfunga, mkono uharibike. Kikapu kibovu hakina meza siku ya Uhuru, na msukaji mbovu hana sababu ya kuzuiwa.

Kuharibu si kazi rahisi kwa anayejua. Siku ya kwanza alijaribu kulegeza mshono, na vidole vikaukaza vyenyewe kabla hajaviona. Alijaribu kuruka mzunguko mmoja, akajikuta anarudi kuuziba. Mkono wa kushoto ulikataa katakata kumsaidia katika upuuzi huo. Basi akauweka kando. Akahamishia sindano ya kusukia mkono wa kulia, ule wa kulia ugali na kusalimia, na hapo mambo yakanyooka, yaani yakapinda alivyotaka. Vikapu vilianza kulala upande, midomo ikawa kama ya mtu aliyeng'olewa jino. Na kwa kuwa mkono wa kulia ulimlazimu kwenda ule upande wa watu wote, mzunguko nao ukageuka. Hakulifikiria hilo. Alikuwa akifikiria tarehe.

Ijumaa ya kwanza Specioza aliandika kwenye kadi: mshono umelegea. Ijumaa ya pili: mikono inatetemeka, kazi imeshuka sana. Akamtazama Roza kwa muda, akamuuliza kama analala vizuri. Roza alijibu analala, na moyoni akafurahi. Wiki mbili nzima alifurahi, maskini, akasuka vikapu vitano vibaya, akijiona mjanja wa kambi nzima.

Kumbe alikosea jambo moja. Yeye alidhani kadi ile ni ya vikapu, hakujua kwamba ni ya kifua.

Jumatatu ya tarehe tano Agosti, Daktari Rugemalira alisimama miguuni pa kitanda chake na kusoma kadi kabla hajamsalimia. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Alimsikiliza mgongo, akamwambia avute pumzi, akasikiliza tena. Picha ya kifua ilionesha kovu la zamani na pembeni yake kivuli ambacho hakutaka kukisemea. Kisha akaishika mikono yote miwili ya Roza, akaigeuza, akatazama viganja kama anayesoma.

"Mikono husema kabla kifua hakijakohoa," alisema. "Nimeona wengi. Mtu anaanza kwa kuangusha sindano, na mwezi wa pili anatema damu. Tumewahi mapema, mama, mshukuru mwalimu wako."

Akaamuru arudishwe daraja la kwanza. Alale. Makohozi yake yapelekwe Dar es Salaam yakaoteshwe vijidudu kwenye maabara, majibu ni baada ya wiki nane. Kabla ya hapo asiguswe na neno ruhusa.

Roza alihesabu wiki nane palepale, akaona zinapita juu ya Agosti na Septemba na kuangukia Oktoba. Akasema kwa sauti kwamba hajaumwa, kwamba alifanya makusudi, alisuka vibaya ili aachiwe. Daktari alitabasamu kwa huruma. Alisema kila anayerudishwa kitandani humwambia hivyo hivyo, na mwaka jana mmoja alimwambia hivyo akiwa na homa kali. Akahamia kwa Ng'washi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Roza aliingia chake akiwa amevaa gauni la hospitali.

Jioni Specioza alikuja peke yake ameshika kimoja cha vile vikapu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Umesuka kwa mkono wa kulia," alisema.

 Machozi yalikuwa yakimwingia Roza masikioni kwa kuwa alilala chali.

Specioza alisema angepaswa kuona. Wiki mbili alitazama mshono na hakutazama mzunguko unakoelekea. Alijaribu, tuseme ukweli. Aliandika barua kwa daktari, lakini daktari alikuwa ameshavuka Busisi kwenda wilaya nyingine. Jibu lilipokuja lilikuwa la mistari miwili: makohozi yameshakwenda kwa treni, na hakuna daktari mwenye akili timamu atakayemruhusu mgonjwa wakati majibu yako njiani. Specioza akaisoma barua ile mbele ya Roza, akaikunja, akaomba msamaha. Roza alimwambia haidhuru. Ilidhuru, tena sana, na usiku alimchukia mwanamke yule kwa roho yake yote, kisha asubuhi akamchukia zaidi Roza.

Siku zilikwenda. Toka kitandani aliona kipande cha ziwa kati ya dirisha na nguzo, kikubwa kama kanga. Aliona meli ya Musoma ikipita katika kipande hicho ikienda upande wa kwao.

Tarehe ishirini na saba akaitwa kwenye seng'enge. Alikuwa Okal, mdogo wa mume wake, yule aliyembeba kwa baiskeli mpaka kwenye basi alipoanza kutema damu. Wageni walisimama nje hatua tano kutoka kwenye waya, ndiyo sheria, kwa hiyo waliongea kama watu walio kwenye mitumbwi miwili. Okal alisema kule nyumbani wamekaa wazee siku mbili. Barua ya Roza kwamba amezuiwa hadi Oktoba imefika. Serikali haingoji mtu, na Okumu hawezi kulala peke yake katika boma jipya. Lakini mama, yaani mama mkwe wake Roza, amewatafutia wazee njia na wameikubali.

"Amesema mtu asiyekuwepo anaweza kuingia kwa kazi ya mkono wake," Okal alisema. "Utoe kikapu, shemeji. Ulichosuka mwenyewe. Mama atakibeba pamoja na moto, kitalala kitandani kwako usiku ule, na nyumba itakuwa imekwisha kuingiwa nawe. Basi la Musoma linaondoka saa nane. Naomba unipe nikimbie."

Ilikuwa saa sita mchana. Roza alishika waya kwa mikono miwili. Vikapu vyake vyote vizuri vilikuwa vimeuzwa Saba Saba, au vimefungiwa ghalani mjini kungoja Desemba, na mwenye ufunguo alikuwa safarini Geita. Kipya huchukua siku nne. Pale kambini palikuwa na vile vitano tu.

Alimtuma Ng'washi akachague kilicho afadhali. Kikaanikwa juani kidogo, kama sheria ya kitu kinachotoka, kikakaguliwa na nesi, kikaja. Roza alikitazama. Kilikuwa kimelala upande kidogo, lakini kilisimama. Akajiambia kwamba mkono ni mkono. Wa kulia nao si wa Roza? Nani mwingine alikisuka?

Akakirusha juu ya waya; Okal akakipokea, akakigeuza. "Kimeinama kidogo," alisema.

Hapo ndipo palikuwa na mlango, ndugu msomaji, na ulikuwa wazi. Sentensi moja ingetosha. Mwambie mama nilisuka kwa mkono wa kulia. Lakini angeulizwa kwa nini, na ingembidi aseme mbele ya shemeji yake, na kupitia kwake mbele ya wazee, kwamba yeye, mke mkubwa, alifanya hila ya kitoto kwa serikali na hila ikamfunga. Wangecheka. Miaka kumi na saba hakuwahi kuwapa kitu cha kucheka.

"Mwambie mama mikono ilikuwa imechoka," alisema.

Okal akakitia kwenye mfuko, akaondoka mbio.

Siku nne zilizofuata Roza alikuwa na furaha karibu ya kweli. Alimweleza Ng'washi kila hatua: sasa wanafika mpakani, sasa Okumu anapiga shoka kwenye nguzo ya lango, sasa mama anaingia na moto mkono huu na kikapu mkono ule. Jumamosi ya tarehe thelathini na moja alisali rozari nzima akiwa ameukabili upande wa kwao. Ng'washi, ambaye hakuwa Mkristo wala hakujua rozari, alisali naye kwa kunyamaza.

Okal alirudi katikati ya Septemba. Alipomwona kwa mbali akiwa na mfuko uleule mkononi, Roza alijua, ila miguu iliendelea kumpeleka kwenye waya.

Okal alieleza akitazama chini. Walifika kiwanjani mchana. Mgambo walikuwapo na orodha. Mama alikitoa kikapu mfukoni, akakipindua, akapitisha kidole kutoka kitakoni mpaka mdomoni. Akarudia. Akasema hiki hakikusukwa na Roza. Okal akaapa kwamba alikipokea kwake kupitia waya. Mama akamuuliza, ulimwona anakisuka? Hakumwona. Basi mama akasema Roza ama amekufa na tunafichwa, ama ugonjwa umemzidi, na mwanamke mwingine ndiye aliyemsukia, na kwa vyovyote hawezi kuingiza mkono wa mtu asiyejulikana katika nyumba ya mwanawe na kuulaza kitandani. Wazee wakamuunga mkono, kwa sababu yeye ndiye aliyejua. Jua lilikuwa linashuka na lazima mke abebe moto. Akelo alilia, akasema hataki, akajishika kwenye mti. Wakamtoa kwenye mti, wakampa moto.

"Mama alilia pia," Okal alisema. "Alinituma nikuambie hivi, kama nitakukuta hai. Tulimngoja Roza, akaja mwingine."

Akaupenyeza mfuko chini ya waya, bila kujali sheria ya hatua tano.

"Ni mimi, Okal," Roza alisema. "Nilikisuka mimi. Nilisuka kwa mkono wa kulia." Na sasa akaeleza yote, ng'ombe wa Ng'washi, kadi, daktari, bila kuficha hata lile la aibu. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama mtu aliyekuwa na nafasi ya kutosha ya kujiandaa.

Okal alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Ungesema siku ile, shemeji."

"Niliona haya."

"Nyumba imekwisha kulaliwa," alisema Okal, kwa upole kabisa.

Majibu ya Dar es Salaam yalifika wiki ya kwanza ya Oktoba. Makohozi safi, hakuna kilichoota. Daktari Rugemalira alimpongeza kwa mikono miwili, na mwaka huo hapakuwa na mtu pale kambini aliyetoka na kifua kizuri kuliko Roza. Specioza alikuwa ameshamrudisha karakana tangu Septemba, kwa idhini aliyoipigania mwenyewe, na kwenye kadi aliandika: mikono imerudi. Ilikuwa imerudi kweli. Katika wiki zile Roza alisuka kikapu kimoja tu, cha ukindu mwembamba, chenye kifuniko, kikizunguka kinyume tangu kitakoni mpaka mdomoni bila kosa hata moja. Wagonjwa walikuwa wakija kukishika tu.

Siku ya ruhusa Specioza alijaza karatasi. Jina, umri, wilaya. Alipofika kwenye mstari unaouliza mgonjwa anakwenda kukaa kwa nani, aliinua kalamu na kusubiri. Roza alifikiri kwanza. Kisha akamwambia aandike kwa Akelo. Specioza aliandika.

Halafu, kwa sauti ya chini, bila kusisitiza, aliomba kile kikapu. Alisema anajua hana haki ya kuomba. Ila Desemba inakuja, na kimoja tu kama kile kingetosha kuiokoa karakana. Angekilipia.

Roza alikuwa ameshakifunga kwenye kanga. Alimwachia vile vitano vilivyopinda, avitumie kuwafundisha wanaoanza.

"Hiki siwezi, mwalimu," alisema. "Nakwenda nyumbani kwa mtu, na mgeni haendi mikono mitupu."